Golf 5 GTI: nifunge breki za R32 au nianze kupunguza uzito?

Ndala_Turbo
Wakuu salaam. Nina Golf 5 GTI ya 2007, DSG (gia otomatiki ya klachi mbili), milango mitano, imepigwa remapu steji 1 (kompyuta ya injini imeongezewa nguvu) kwa hiyo kuondoka inaondoka, shida ni kusimama. Juzi natoka Iringa narudi Dar nimeshuka Kitonga nyuma ya malori, breki breki breki mpaka nafika chini pedali imekuwa laini inazama ndefu, nikipampu inarudi kidogo. Na tangu hapo nikiwa 100 nikikanyaga breki usukani unatetemeka. Sasa kuna jamaa ananiuzia seti ya breki za R32 (ile Golf yenye injini kubwa) za mtumba kutoka Uingereza, diski mbele na nyuma na kalipa (vile vibana pedi) zote nne za bluu. Fundi wangu anasema hapana usipoteze hela, toa siti za nyuma, toa tairi ya spea, weka betri ndogo, gari ikiwa nyepesi breki hizo hizo zitakutosha na spidi utaongeza bure. Hela niliyonayo ni ya kimoja tu. Nielekezeni.

Vitz_Forever
Vitz yangu haijawahi kunidai kalipa za bluu, ikiona trafiki tu inasimama yenyewe 😂

fundi_wa_kona
Mkuu kabla hujanunua chochote jibu haya. Mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Pedi ni za kampuni gani? Rimu ulizofunga ni zake zenyewe?
Pedali kuzama halafu ukipampu inarudi, hiyo haisemi diski ni ndogo, inasema mafuta yamechemka. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea na mafuta hayabonyei, ndo maana mguu unazama. Ingekuwa ni pedi zimezidiwa na joto pedali ingebaki ngumu vilevile ila gari haisimami. Hivyo ni vitu viwili na watu wanavichanganya kila siku hapa jukwaani.

Ndala_Turbo
@fundi_wa_kona mafuta ya breki nimeyakuta na gari, ni yale yale. Pedi za Kariakoo za bei ya kawaida, jina limeandikwa ila silifahamu. Rimu ni za Benzi inchi 18, PCD (mpangilio wa matundu ya bolti) ni ile ile 5x112 zimeingia bila shida yoyote

fundi_wa_kona
Rimu za Benzi. Haya, hapo tutarudi.

Mbeba_Boksi
Niko Uingereza huku na seti kama hiyo nimefunga kwenye Golf yangu ya 5 kwa hiyo naongea nilichogusa. GTI yako mbele ina diski za milimita 312 kwa unene wa 25, nyuma 286 kwa 12 na za nyuma ni chuma kitupu hazina njia ya hewa katikati. R32 ya Mk5 (yaani Golf 5) mbele ni 345 kwa 30, nyuma 310 kwa 22 na zote zinapitisha hewa. Mbele zinakaa pale pale bila kuchonga kitu, unabadilisha kalipa, breketi yake, diski, pedi na lile bati la nyuma ya diski. Ukizikosa mtumba tafuta za Audi S3 ya 8P, mbele ni 345 vilevile. Tofauti yake kwenye barabara ya milima ni kubwa, chuma kikiwa kingi joto linakaa humo muda mrefu kabla halijafika kwenye mafuta.
Ila ujue kitu kimoja kuhusu mtumba wa huku. Wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, ile chumvi inakula kalipa. Zikifika kwako zimepakwa rangi mpya ya bluu zinang'aa ila pistoni imeshika ndani na pini za kuteleza hazitelezi, hasa za nyuma pale kwenye mkono wa handbreki. Mwambie jamaa azifungue raba za kuzuia vumbi muone pistoni kabla hujatoa hela.

Msee_wa_Ngong
Sasa hapo ndio nasema R32 si mchezo, kalipa za mbele ni za pistoni mbili, huwezi linganisha na hizo za GTI. Nunua buda usifikirie.

BintiSekela
@Msee_wa_Ngong kaka hapana, hizo za pistoni mbili ni za R32 ya Mk4 ambayo diski zake za mbele ni 334. R32 ya Mk5 ni pistoni moja ya kuteleza kama ya GTI, imekua tu. Rangi ya bluu ndo inawadanganya wengi.

Msee_wa_Ngong
Sawa dadangu, lakini bluu pia inasaidia kidogo 😂 Mk4 ndio nilikuwa nayo akilini.

Mwl_Nyundo
Naomba kuingilia na hesabu kidogo maana naona tunaongea chuma tu na adui mwenyewe ni joto.
Gari ya kilo 1,400 ikiwa 120 kwa saa imebeba nishati ya kama kilojuli 778. Ukisimama yote inageuka joto. Tufuate fundi wa Ndala, tutoe siti, spea na betri, tuseme umepata kilo 60. Sasa ni kilojuli 744. Umeokoa asilimia 4 na kidogo. Sasa rudisha kila kitu ndani ya gari, mbebe na mama mkwe, halafu badala ya 120 nenda 110. Kwa zile kilo 1,400 ni kilojuli 653, umeokoa asilimia 16 bila kushika spana.
Mlima ndo balaa zaidi. Chukua mteremko wowote unaokushusha mita 500 kwa wima, kilo 1,400 zinatoa megajuli karibu 6.9. Hiyo ni sawa na kusimama kutoka 120 karibu mara tisa mfululizo bila kupumzika. Upepo na injini vinachukua sehemu, iliyobaki ni ya breki. Kwa hiyo swali la Ndala mimi nalisoma hivi, hiyo megajuli nani alikuwa anaibeba siku ile, injini au diski?

dereva_wa_TANZAM
Mwalimu umemaliza kwa lugha ya shule mimi nimalizie kwa lugha ya barabara. Wadogo zangu Kitonga haishukwi kwa breki. Mlima unashuka na gia. Sisi na mzigo wa tani ukishuka na breki peke yake hufiki chini, unaona kabisa moshi kwenye tairi za mwenzio. Huyu bwana gari yake otomatiki ameiacha kwenye D, D yenyewe inatafuta gia kubwa ipunguze mafuta, injini haishiki kitu, yeye amekaa na mguu kwenye pedali kilomita zote zile. Hata ufunge breki za ndege.

Ndala_Turbo
@dereva_wa_TANZAM shikamoo mzee. Ni kweli ilikuwa D. Ila si mnasema gia za DSG zinaharibika haraka ukizilazimisha?

dereva_wa_TANZAM
Marahaba. Hayo ya DSG waulize wenye nazo.

BintiSekela
DSG ya Mk5 GTI ni DQ250, gia 6, klachi zake zinaogelea kwenye mafuta. Haina shida na kushuka na gia. Sukuma gia upande wa manyuali uchague mwenyewe, weka 2 au 3, acha mizunguko ya injini (rpm) ipande 3500 hadi 4000 na usiogope sauti. Mafuta yake tu yabadilishwe kwa wakati. Zinazolalamikiwa sana ni zile za klachi kavu za gia 7 na GTI ya 5 haina hiyo.

kijana_wa_Sinza
Nyie mnampeleka mwenzenu kwenye somo la udereva na kauliza kuhusu gari. Mtu ana GTI imepigwa remapu aende 110 na gia ya pili? Akanunue Noah basi.
Mimi nasimama na kupunguza uzito. Angalia viwanda vyenyewe. Golf GTI Clubsport S ya 2016, zilitengenezwa 400 tu, walitoa siti za nyuma, zulia, vizuia kelele, wakaweka betri ndogo, ikaenda Nürburgring, ule uwanja wa mbio wa Ujerumani, ikapiga dakika 7 sekunde 49.21 ikawa ndo gari ya kuvuta mbele yenye kasi kuliko zote pale wakati huo. Renault nao Mégane R26.R ya 2008 walitoa kilo 123. Wangekuwa wajinga?

Mbeba_Boksi
@kijana_wa_Sinza soma vizuri hizo gari unazozitaja. Clubsport S hawakutoa siti wakaishia hapo, walibadilisha na sabfremu ya mbele (fremu ndogo inayobeba injini) ikawa ya alumini na diski za mbele wakazipa kitovu cha alumini, na farasi wakapandisha hadi 310. R26.R vioo vya nyuma na vya pembeni nyuma vilikuwa vya plastiki ngumu na boneti ya kaboni. Ile Mégane Trophy-R ya 2019 iliyopiga 7:40.1 walitoa kilo 130 ila waliondoa mpaka mfumo wa kugeuza tairi za nyuma, NA wakaifunga diski za kaboni seramiki. Kwa hiyo mfano wako mwenyewe unasema walifanya vyote viwili.

kijana_wa_Sinza
Ndo nasema, wangeweza kuweka breki tu wakaacha siti. Hawakuacha.

Msee_wa_Ngong
Huku kwetu matatu wanaongeza siti nyinyi mnatoa. Dunia hii.

Vitz_Forever
Siti za nyuma ukitoa shemeji zetu watakaa wapi mkuu

mtu_wa_Unguja
Halafu kadi ya gari imeandikwa idadi ya abiria. Siku ukigonga bima wakaja wakakuta gari ya watu watano ina siti mbili utaanza kueleza habari za Nürburgring

fundi_wa_kona
Nirudi kwenye ufundi. Uzito kweli unasaidia ila inategemea unautoa WAPI. Golf ya kuvuta mbele uzito mwingi tayari uko mbele, injini na DSG vyote viko pale. Ukitoa siti za nyuma na spea umetoa kilo zote nyuma. Sasa ukikanyaga breki kwa nguvu uzito unahamia mbele, nyuma inabaki inaelea, ABS (mfumo wa kuzuia tairi kujifunga) inapunguza presha ya tairi za nyuma zisijifunge, kazi yote inarudi kwenye diski zile zile za mbele ambazo ndo zinalia. Kilo umepunguza lakini mgao wa kazi umeuharibu. Nimeendesha moja ya hivyo imekombwa nyuma yote, kwenye kona ukiachia mafuta ghafla mkia unataka kukupita. Kuna wanaopenda, mimi siipendi kwenye barabara ya umma yenye ng'ombe.
Ukitaka kutoa kilo, toa betri na rimu nzito. Betri iko mbele. Rimu iko chini ya springi na inazunguka, kilo moja pale inafanya kazi kuliko kilo moja ya siti.

Mwl_Nyundo
Hapo kwenye kuzunguka sawa, ila wengi wanasema kilo moja ya rimu ni sawa na kilo nne au kumi za bodi. Si kweli. Kwa upande wa kuongeza na kupunguza mwendo, kilo ya kwenye tairi kabisa pembeni haizidi kilo mbili za bodi. Faida kubwa ya rimu nyepesi ni tairi kufuata mashimo vizuri, na kwa barabara zetu hiyo si ndogo.

kijana_wa_Sinza
Na hizo diski 345 si chuma kizito kuliko 312? Kwa hiyo mnamwongezea uzito pale pale mnaposema ndo pabaya kuliko sehemu zote. Mnajipinga wenyewe wakuu 😎

Mbeba_Boksi
Ni nzito ndio. Ndo bei ya kubeba joto. Hakuna cha bure.

mtuwaMaskati
Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati, Golf 6 GTI. Huku kiangazi joto la nje lapita 45 na breki zaanza kazi zishapata moto. Mlima wa Jabal Akhdar polisi wana kizuizi chini, gari isiyo foo-wili hupandi, na barabara ya kushukia wameweka njia za mchanga pembeni kwa gari lililokatika breki, basi ujue si mchezo. Mimi hatchbeki yangu yaishia milima midogo. Nilichofanya ni kuacha diski za 312 nikabadilisha pedi na mafuta ya breki tu. Mafuta niliweka ya daraja la juu. Nilikuwa napoteza pedali kila kiangazi, sasa sipotezi. Diski kubwa sijanunua na sijaona haja.

fundi_wa_kona
Ndo namtaka Ndala asikie hapa. Mafuta ya breki yananyonya unyevu kwenye hewa, unapenya mpaka kwenye hosi. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya kiwango cha chini inatakiwa ichemke nyuzi 230, ikishanyonya maji kwa kipimo chao cha asilimia 3.7 inashuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. VW wanataka ubadilishe kila miaka 2. Wewe ni Dar, unyevu wa Dar unaujua, na gari ni ya 2007 na mafuta umeyakuta nayo. Hayo si mafuta ni supu.
Na usije ukauziwa DOT 5 ukadhani ni ndugu yake 5.1. DOT 5 ni silikoni haichanganyiki na hizo nyingine na ABS haiipendi.

BintiSekela
Nakazia. Na muuzaji asikuuzie chupa iliyofunguliwa jana. Na ukitoa hewa mwambie fundi asiache kikombe cha mafuta ya breki kikauke, hewa ikiingia kwenye pampu ya ABS utahitaji kompyuta ya kuiamsha pampu wakati wa kutoa upepo, siyo wa kukanyaga na kuachia.

Ndala_Turbo
Asanteni sana wakuu. Mafuta nimeelewa, nabadilisha wiki hii. Ila kutetemeka usukani? Hiyo nayo ni mafuta? Fundi anasema diski zimepinda kwa joto, kwamba nilipita kwenye maji zikiwa za moto.

Msee_wa_Ngong
Hiyo ni diski imepinda. Mai Mahiu watu huzipinda kila wikendi. Peleka zichongwe ama nunua mpya.

Mbeba_Boksi
Diski kupinda kweli kweli kwa joto ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi ni pedi imeacha utando wake kwenye diski, sehemu moja nene sehemu nyingine nyembamba. Ulishuka mlima pedi zimewaka, ukafika chini ukasimama na mguu umeukandamiza kwenye pedali, pedi ya bei rahisi ikajipiga chapa pale pale. Tangu hapo kila mzunguko pedi inapita kwenye hiyo chapa. Ulisimama hapo chini?

Ndala_Turbo
Nilisimama ndio, pale Ruaha Mbuyuni nikanunua vitunguu 😅

Vitz_Forever
Vitunguu vimeponza GTI

Mbeba_Boksi
Sasa jaribu hivi kabla ya kununua. Barabara tupu, toka 100 punguza hadi 20 kwa breki ya wastani, USISIMAME, rudi 100, rudia mara kadhaa mpaka usikie harufu, halafu endesha kilomita kadhaa bila kugusa breki zipoe. Wakati mwingine utando unasawazika. Na ukifunga pedi mpya siku yoyote ni hivyo hivyo.

BintiSekela
Au ni bushi (raba) za ami ya chini, ule mkono unaoshika gurudumu, zile za nyuma kubwa. Golf 5 kwa mashimo yetu zinachanika mapema. Bushi ikilegea mtetemo mdogo kabisa wa diski unafika kwenye usukani umekuzwa. Ukibadilisha diski unaona nafuu mwezi mmoja halafu unarudi kule kule. Nilipitia hiyo, gari ikipanda jeki ukiweka mtaimbo pale unaona ami inacheza.

fundi_wa_kona
Sasa turudi kwenye rimu za Benzi. Tundu la katikati la VW ni 57.1. La rimu nyingi za Benzi ni 66.6. PCD ni moja kwa hiyo watu wanafunga wanashukuru Mungu, ila rimu haikai kwenye habu (kitovu cha gurudumu), inaning'inia kwenye bolti tu, na katikati kuna nafasi ya karibu milimita 10. Umefunga pete za kujaza hapo? Na bolti umetumia zipi? Za VW zina kichwa cha mviringo cha kipimo chake, za Benzi mviringo wake ni mwingine, na rimu za kununua dukani nyingi zinataka bolti za koni. Ukichanganya bolti inagusa kwa mstari mdogo tu, inalegea yenyewe. Hii siyo habari ya mtetemo tena, hii ni tairi kukupita barabarani.

Ndala_Turbo
Pete hakuna. Bolti ni zile zile za zamani za Golf

dereva_wa_TANZAM
Eeh Mola

fundi_wa_kona
Paki gari leo. Pete za 66.6 kwenda 57.1 ni bei ya soda chache. Bolti tafuta za kufanana na shimo la rimu, zifungwe Nm 120 kwa toki renchi siyo kwa kurukia spana.

mtu_wa_Unguja
Lakini kama ni rimu si ingetetemeka muda wote? Yeye anasema akishika breki tu

fundi_wa_kona
Si lazima. Balansi ya rimu inatetemeka muda wote. Rimu iliyokaa upande inaweza kukaza diski vibaya, ukibana bila mpangilio bolti moja kali nyingine laini diski inakaa mshazari kwenye habu, baada ya kilomita kadhaa inalika upande mmoja. Ndo unaanza kuona kwenye breki. Hata kutu kidogo kati ya habu na diski inatosha. Geji ya mshale ndo inasema ukweli, mengine haya yote tunabashiri.

Mbeba_Boksi
Mimi bado nasema utando wa pedi.

BintiSekela
Na mimi bushi 🙂

kijana_wa_Sinza
Na mtetemo ukiisha gari bado ina kilo 1,400 😎

Mwl_Nyundo
Hakuna aliyegusa tairi. Breki inasimamisha gurudumu, tairi ndo inasimamisha gari. Ikiwa ABS yako inafika kufanya kazi ukikanyaga mara ya kwanza, basi breki za 312 zina nguvu ya kutosha na diski 345 hazitapunguza hata mita moja kwenye kusimama huko kwa mara moja. Kutoka 100, tairi inayoshika 0.9 unasimama kwenye kama mita 44, tairi iliyokauka inayoshika 0.7 ni mita 56. Mita 12 hizo ni urefu wa basi. Angalia namba nne za mwisho pembeni ya tairi, wiki na mwaka, 1216 ni wiki ya 12 mwaka 2016. Mitumba mingi ya tairi tunayouziwa inang'aa tu.

Msee_wa_Ngong
Mwalimu ukweli. Na mkitaka ushahidi angalieni Safari Rally, tangu irudi WRC (ubingwa wa rali wa dunia) 2021 Naivasha huko. Gari za Rally2 (daraja la pili la rali) kwa vumbi zinavaa rimu inchi 15 na diski za 300 tu, kwa lami ndio wanaweka inchi 18 na diski 355. Kwa vumbi tairi haina mshiko wa kutosha kutumia diski kubwa na rimu ndogo hairuhusu. Na uzito wao ni kilo 1,230 kwa sheria hawashuki hapo. Diski za 300, ndogo kuliko za GTI ya huyu jamaa!

kijana_wa_Sinza
Kilo 1,230. Asante kwa kunisaidia.

Mbeba_Boksi
Kalipa zao ni za pistoni nne na pedi za mashindano ambazo zikiwa baridi hazishiki. Usimwambie mtu wa Mbezi diski 300 zinatosha kwa sababu ya rali.
By the way nani alisema kung'oa vizuia kelele? Ile lami iliyobandikwa sakafuni huku wanaiwekea barafu kavu inakauka wanaigonga inapasuka. Kwa mikono na patasi ni kilio.

Vitz_Forever
Barafu ya Feri haifai? Tupate na changu wawili humo humo

Mbeba_Boksi
😂😂 barafu kavu mkuu, ya hewa ya ukaa

Ndala_Turbo
Marejesho. Nimebadilisha mafuta ya breki, yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya chai. Pedali imepanda juu na imekaza. Pete za rimu na bolti nimepata Ilala. Mtetemo umepungua ila upo, kama nusu. Fundi wa kupima kwa geji hajapatikana. Ami nimeinua, ya kushoto inacheza kidogo.

BintiSekela
Haya, bushi hiyo

Mbeba_Boksi
Nusu iliyobaki ni utando

fundi_wa_kona
Nusu iliyobaki diski imeshalika na rimu zako. Funga diski mpya za 312 na pedi zenye jina linalojulikana, ndo uzungumzie R32. Na uangalie pedi za nyuma, hizi Golf zinapeleka kazi nyingi nyuma kwenye breki za kawaida, mara nyingi za nyuma zinaisha kabla ya mbele na mtu haangalii mpaka isikike chuma kwa chuma.

Ndala_Turbo
Sawa mkuu. Sasa nikiwa gereji mmoja akaniuliza cheni ya taimingi nimebadilisha lini, hii steji 1 haitaiua?

mtu_wa_Unguja
GTI zote ni cheni, ukisikia kelele asubuhi ikiwaka ujue

BintiSekela
@mtu_wa_Unguja za Mk6 ndo cheni, ile injini ya EA888. Hii ya Mk5 ni injini ya EA113, ni mkanda. Kuna kicheni kidogo juu kati ya kemshafti mbili (zile shafti zinazofungua valvu) tu. Ndala mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni, badilisha na pampu ya maji humo humo. Na kuna kikombe kidogo kati ya kemshafti na pampu ya petroli ya presha, kinalika taratibu, ukipiga remapu ndo haraka zaidi. Kinafunguliwa kwa bolti tatu, kiangalie mara kwa mara, kikitoboka kinakula kemshafti nzima.

Ndala_Turbo
Jamani nilikuja na breki tu

Vitz_Forever
Karibu Vitz mkuu, siti zote tano na mkanda hauna, ni cheni 😂

mtuwaMaskati
@BintiSekela na Golf 6 yangu hicho kikombe nacho kipo?

BintiSekela
Hapana, ya 6 EA888 pampu yake inasukumwa na rola. Wewe angalia kikaza cheni, zile za miaka ya mwanzo walikuja kukibadilisha muundo. Gari yako ya mwaka gani?